Kukokota heringi wakiwa hai mpaka kwenye kizimba cha mayai, kuna aliyewahi kufanya hii kazi?

Mhehe_wa_Baridi

Wakuu habari za majukumu. Niko Anchorage, Alaska, mwaka wa 3 huu, nilikuja kwa ile bahati nasibu ya grin kadi na napiga kazi ya bohari usiku. Sasa kuna jamaa hapa kazini shemeji yake ana boti, ananiambia mwezi wa 3 mwishoni wanashuka kusini kisiwa cha Prince of Wales, mji unaitwa Craig, na wanatafuta mtu mmoja wa kuongeza kwenye timu, kazi ya kama wiki 3 au 4 hivi.

Mimi nikadhani ni uvuvi wa kawaida, unavua unauza mnagawana. Kumbe hapana. Anasema wanazungushia samaki wanaitwa heringi ila HAWAWATOI MAJINI, wanawahamishia kwenye kizimba cha wavu, wanakikokota na boti taratibu mpaka kwenye kizimba kingine kikubwa kinachoelea sehemu iliyotulia, wanawaweka humo siku kadhaa mpaka watage kwenye majani ya mwani, halafu samaki wanafunguliwa waende zao na wao wanachukua mwani wenye mayai unaenda Japani. Nikamwambia braza unaniona mshamba sana eti. Akacheka akasema njoo uone.

Sasa wakuu mimi ni mtu wa Iringa, maji mengi niliyoyaona utotoni ni Ruaha Ndogo tena wakati wa masika. Naomba mwenye uzoefu anisaidie, hii kitu ipo kweli? Kwa nini wasiwavue tu wakawapasua? Hao samaki hawafi njiani? Na mtu kama mimi asiyejua bahari atafanya nini humo zaidi ya kutapika? Malipo amesema ni mgao, hakuna mshahara, hapo ndo nimeanza kuwa na wasiwasi.

Chuma_cha_Pua

Mayai ya samaki juu ya majani 😂😂 wenzetu hawana dogo. Nakaa hapa na kahawa nasubiri wajuzi. Mkuu ukienda weka picha.

BabaTatu907

Mhehe, jamaa yako hajakudanganya. Mimi mtu wa Tanga, baba yangu alikuwa na ngarawa, na nimefanya hiyo kazi misimu 2 huko huko Craig. Ngoja nikupe kwa kirefu maana nilipoanza hakuna aliyenieleza nikawa nabeba kamba tu kama punda.

Kwanza kuna mayai ya aina mbili ya heringi na watu wanachanganya. Kuna yale ya tumboni, Wajapani wanaita kazunoko, wanakula sana mwaka mpya. Hayo samaki anavuliwa akiwa amejaa, anagandishwa, anapasuliwa, kifuko cha mayai kinatolewa, na mwili wenyewe una thamani ndogo. Ule uvuvi wa Sitka, mji mwingine wa hapa Alaska, ndo huo. Halafu kuna haya ya kwenu, komochi konbu, mayai yaliyotagwa juu ya jani la mwani tabaka pande zote mbili. Hapa samaki hauzwi, samaki ni kama kuku wa mayai, ukimuua umekula hasara. Ndo maana hatolewi majini.

Jike mmoja anabeba mayai kama 20,000 hivi, na yanata. Porini anaenda pwani kwenye nyasi za bahari na mwani, anapitisha tumbo anabandika, madume yanamwaga maji yao na bahari inakuwa nyeupe pwani nzima, utadhani kuna mtu amekamua nazi akamwaga tui. Heringi wa Pasifiki hafi akishataga kama samoni, anarudi mwaka mwingine. Hilo ndo linafanya biashara hii iwezekane.

Sasa kuhusu kufa njiani. Mkuu hapo umegusa penyewe. Watu wanadhani mayai yanapotea kwenye kizimba, hapana, yanapotea kwenye kukokota, ila unakuja kujua siku 2 au 3 baadaye.

Ringi neti inazungushwa kama kawaida na kufungwa chini. Lakini badala ya kuvuta mpaka samaki wakauke kama tunavyofanya kwa dagaa, mnasogeza kizimba cha kukokotea ubavuni, mnaunganisha maboya ya wavu na maboya ya kizimba, mnazamisha pale mlipounganisha pawe kama mlango, halafu upande wa pili mnaanza kuinua wavu kidogo kidogo. Samaki wanaona nafasi wanapita wenyewe wanaogelea. Hakuna kepu (kile kiwavu cha mpini), hakuna ndoo, hakuna mkono. Heringi magamba yake yametegeshwa tu, yanatoka kama ganda la kitunguu. Akishatoka magamba maji ya chumvi yanamkausha kwa ndani na vidonda vinaingia uchafu. Atarukaruka, utasema mzima, kesho kutwa anaelea tumbo juu kwenye kizimba kizuri ulichokijenga kwa wiki nzima.

Halafu mnakokota. Mwendo chini ya noti 1 (knot ya baharini), yaani hata kilomita 2 kwa saa haifiki. Nikuambie tu, mtu anayetembea ufukweni na mtoto wa miaka 3 anakupita. Mnaweza kutoka asubuhi mkafika saa 8 usiku, inategemea mnakaa umbali gani na maji yanakwenda wapi. Nahodha mwenye akili anasubiri maji yageuke yamsukume, hashindani nayo. Kwa sababu ukikaza injini, wavu wa mbele unavimba unarudi nyuma, na wa chini unanyanyuka, kizimba kilichokuwa chumba kinakuwa korido, samaki wote wanalundikana nyuma wanasuguana na wavu.

Kazi yako wewe mgeni itakuwa hii: utakaa kwenye boti ndogo nyuma ya kizimba unawaangalia. Wakizunguka duara upande mmoja, wametulia, kaa kimya kunywa chai. Ukiona wamebanana nyuma na maji yanametameta kama mtu kararua karatasi za ndani za pakiti ya sigara akamwaga, hayo ni magamba, piga kelele nahodha apunguze. Usione aibu kumpigia kelele nahodha. Aibu ni siku ya 3.

Kutapika utatapika siku ya kwanza, baadaye unazoea, na kwenye ghuba zile maji yanatulia. Maji ni ya baridi kuua, nyuzi 6 hivi, kwa hiyo jaketi la kuokoa maisha usivue hata ukiambiwa na nani. Na kabla hujapanda boti kata leseni ya jimbo ya mfanyakazi wa uvuvi, usije ukakamatwa kizembe.

Bint_Paje

Assalam aleikum jamani. Mimi nnasoma hapa nimeshika mdomo, maana hayo ya kutundika mwani kwenye kamba sisi ndo maisha yetu tangu 1989 huku pwani ya mashariki ya Unguja, ila sisi tunauuza mwani wenyewe, hakuna samaki wa kutuongezea bei 😅 Kumbe tungemfundisha changu kutaga tungekuwa mbali.

Kaka BabaTatu, nna maswali yangu. Huo mwani mnaupanda wenyewe au mnaukata? Na hauozi? Kwetu sisi maji yakipata moto kidogo tu cottonii, ule mwani tunaoulima, inakuwa nyeupe inakatika, na mvua za masika zikipiga wakati wa maji kupwa basi mwani ulio karibu na juu unaharibika wote. Huko kwenye theluji inakuwaje?

BabaTatu907

Waaleikum salaam dada. Swali la mtu anayejua kazi hilo.

Haupandwi, unakatwa porini, ni ule mwani mrefu sana unaitwa makrosisti, unasimama kutoka chini mpaka juu kama mgomba una vibofu vya hewa, huku Craig upo upande wa bahari kuu. Majani yake marefu, mapana kama mkono wa mtu, yana mikunjo, ndo mayai yanashika vizuri. Serikali inahesabu, kila mwenye leseni ana idadi ya majani, siyo unajikatia tu. Unachagua jani zima, halijaliwa na konokono, halina madoa, kwa sababu Mjapani anaangalia jani kama vile anavyoangalia mayai.

Na unaoza dada, tena haraka. Kosa la wageni ni kutundika mwani siku ile ile samaki wanaingia. Samaki hajaiva, anakaa siku 4, siku 6, mwani unakuwa na utelezi, ukija kutagwa ni takataka. Kwanza unamsubiri samaki. Kila siku unachukua wachache, hapo ndo kepu inaruhusiwa, unawaminya tumbo. Mayai mabichi yanatoka kwa kulazimisha, yameshikana na yana damu. Yaliyoiva hata hujaminya, ukimgeuza tu yanatiririka chembe moja moja yanang'aa. Ukiona hivyo kwa wengi wao ndo unakimbilia kukata mwani.

Mvua na theluji ni adui kama kwenu. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yanakaa juu ya maji chumvi kama mafuta, mwani uliotundikwa juu juu unaungua. Kwa hiyo mnaushusha kamba, mnautia uzito chini, na kizimba hakiwekwi mbele ya mdomo wa kijito.

Kingine, maji yakisimama kati ya kujaa na kupwa, kizimba kilichojaa sana hewa inapungua. Utawaona wanapanda juu. Kwa hiyo kizimba unakiweka penye maji yanayopita, lakini siyo mkondo wa kuwasukuma ukutani. Chakula hawapewi, heringi akikaribia kutaga hali. Bahati nzuri hiyo, kinyesi kinakuwa kidogo.

Kambale_Mzee

Nimesoma yote. Mimi nina kituo cha vifaranga vya kambale hapa Mwanza na nawaambieni haya mambo ya Alaska ndo haya haya ya kwetu, samaki tofauti tu.

Kambale anasifika ni mgumu, anavuta hewa, utamkuta yuko hai kwenye gunia lenye maji kidogo. Watu wanadanganyika hapo. Mwaka fulani nilinunua majike 14 mazuri, tumbo hadi chini, nikayabeba kwenye matanki nyuma ya pikapu saa 7 mchana, sijawanyima chakula siku ya nyuma, nimechanganya wakubwa na wadogo. Walifika wote hai, nikapiga picha nikarusha kwenye grupu la watsapu watu wakanipongeza. Nikawaweka kwenye hapa, wavu wa chandarua ule, nikasema wapumzike. Siku ya 3 naanza kuangalia, tumbo limeshuka. Nikapiga sindano, saa zikafika, nakamua inatoka maji maji na vipande vyeupe. Mayai yalikuwa yameharibika humo humo tumboni, mwili umeanza kuyafyonza. Kati ya 14 nilipata 3 za maana.

Toka hapo utaratibu wangu ni huu. Siku 1 mpaka 2 kabla ya safari hawali kitu. Safari usiku au alfajiri. Maji yale yale waliyokuwa wanaishi na chumvi kidogo. Madume mbali na majike kwa sababu wanang'atana. Nikifika siwamwagi, nachanganya maji ya tanki na ya bwawa taratibu. Kwenye hapa mmoja mmoja nafasi yake, kivuli juu, na hakuna mtoto wa mtu kuja kuwashika kuonyesha wageni. Sindano ya Ovaprim, dawa ya homoni ya kuivisha mayai, nusu mililita kwa kilo, maji ya nyuzi 25 nasubiri saa 10 mpaka 12. Jike akishakamuliwa anarudi majini, dume ndo bahati mbaya, anapasuliwa.

Kwa hiyo dogo Mhehe, ukishaelewa kwamba samaki kufika hai siyo samaki kufika salama, hiyo kazi umeiva nusu.

Odijo_Ziwani

Maze mimi niko Homa Bay na hizi cage za tilapia zimejaa hapa. Swali langu ni moja tu na sijaona mtu ameligusa. Mkiweka maelfu ya samaki wa porini kwa kizimba kimoja, wamechubuka, wana stress, na maji ni yale yale, si mnatengeneza hospitali ya magonjwa? Hapa kwetu cage moja ikianza kuuma jirani zake wote wanalia. Halafu mnawaachilia waende kwa wenzao. Hiyo "wanaenda zao wakiwa salama" mimi sinunui hiyo.

BabaTatu907

Odijo sikatai, wapo wanaokufa, hata baada ya kufunguliwa. Ila ukilinganisha na uvuvi wa kuua wote bado ni afadhali. Mimi nilichoona, samaki waliokokotwa vizuri wanatoka wanakimbia.

Odijo_Ziwani

Kukimbia si afya buda. Hata mwizi akipigwa anakimbia.

Mama_Nanaimo

😂 Odijo umeniua. Lakini uko sahihi kuliko unavyojua. Mimi niko British Columbia upande wa Kanada, mume wangu anafanya kazi na boti za heringi, na hili limeshafanyiwa utafiti. Kuna virusi vya heringi wanaviita VHS, haviwapati binadamu ila samaki vinawatoa damu ndani kwa ndani. Samaki wa porini wanakuwa navyo kidogo tu huku na huku. Ukiwafungia wengi pamoja siku kadhaa vinalipuka, wanaviachia majini na wenzao wanavivuta. Walipima kwenye vizimba vya Prince William Sound huko huko Alaska miaka ya 1990 wakaona virusi vinapanda kadiri samaki wanavyokaa. Ile sehemu yenyewe ilikuwa imeshapata ajali ya meli ya mafuta ya Exxon Valdez, tarehe 24 Machi 1989, mafuta galoni milioni 11, wiki chache tu kabla heringi hawajataga. Mwaka 1993 heringi wakaporomoka, watu mpaka leo wanabishana ni mafuta, ni ugonjwa au ni njaa. Mnamo 1999 uvuvi ukafungwa na bado kule hakujarudi kama zamani.

Kwa hiyo siku za kukaa ndani zikiwa chache ndo nafuu, na usijaze kizimba kwa tamaa. Samaki wengi wala hawakupi mayai mazuri, yanakuwa mazito mno tabaka juu ya tabaka, yale ya chini yanakosa hewa yanageuka rangi.

Na jambo jingine, huu siyo ujanja wa mzungu kama mtu anavyoweza kudhani. Mayai kwenye mwani ni chakula cha wenyeji kabla mzungu hajafika. Watlingiti wa Sitka wanazamisha matawi ya msonobari wa kule, hemloki, majini, heringi wanakuja wenyewe kubandika, wanayainua kama mti umeota theluji. Huku kwetu Waheiltsuk walikuwa wakibadilishana na makabila mengine tangu enzi hizo. Ndugu wawili wa ukoo wa Gladstone walikamatwa 1988 kwa kujaribu kuuza ratili 4,200 za mayai kwenye mwani bila leseni inayotakiwa, wakapambana mpaka Mahakama ya Juu kabisa ya Kanada, na 1996 mahakama ikakubali kwamba hao watu wana haki ya asili ya kuuza kibiashara. Kesi yote ile ni mayai ya heringi. Na Waheiltsuk wengi wanapenda kizimba wazi, yaani unatundika mwani pale samaki wanapopita, hakuna kufunga mtu, wakitaga sawa, wasipotaga umepoteza mwani wako. Odijo hiyo ungeipenda.

Odijo_Ziwani

Hiyo naikubali asilimia 100. Asante mama. Sasa kwa nini wote wasifanye hivyo?

Mama_Nanaimo

Kwa sababu samaki hana mkataba na wewe 😄 anaweza kutaga ghuba ya pili ukabaki na kamba zako. Mwenye kizimba cha kufunga ana uhakika zaidi.

Mhehe_wa_Baridi

Wakuu nimeelimika hadi kichwa kinauma. Shikamoo Mzee Kambale. Nimeamua naenda, bohari nimeomba likizo bila malipo, mke kanuna. Nikirudi naleta mrejesho.

Chuma_cha_Pua

Na picha.

Mhehe_wa_Baridi

MREJESHO

Wakuu nimerudi juzi. Mikono imepasuka, kila nguo inanuka, mke kanisamehe nusu.

Kwanza kila alichosema BabaTatu ni kweli tupu, hadi yale ya karatasi za sigara. Tulikuwa boti 2 tumeungana, kizimba kimoja wenye leseni kadhaa. Siku za kwanza ilikuwa kujenga tu, fremu, nyavu, nanga, mvua inanyesha pembeni siyo juu. Nilitapika mara 4 siku ya kwanza halafu kama mtu kafunga bomba.

Mkokoto wa kwanza ulikwenda vizuri. Nahodha wetu mzee mmoja mtulivu, tulianza maji yalipogeuka, mimi nikakaa nyuma na tochi mpaka alfajiri. Samaki wanazunguka kama mahujaji, wote upande mmoja, ukimulika unaona migongo ya kijani na ubavu wa fedha. Simba wa bahari 2 walitufuata njia nzima wanapumua pwaa pwaa gizani, mmoja alijaribu kurukia maboya nikapiga mayowe ya Kihehe akashangaa kidogo akazama.

Mkokoto wa pili ndo ulioharibika. Utabiri ulisema upepo unakuja, na boti nyingine ndo ilikuwa inakokota, nahodha wake kijana, akawa na haraka afike kabla. Mimi bado niko nyuma. Nikaanza kuona vimeta, kimoja, viwili, halafu maji yote nyuma ya kizimba yakawa kama anga la usiku. Nikaita kwenye redio. Akasema anapunguza. Hakupunguza, au alipunguza kidogo sana. Nikaita tena, akaniambia nitulie, yeye anajua. Mimi mgeni wakuu, ningesema nini. Nikanyamaza. BabaTatu uliniambia nisione aibu na mimi niliona aibu.

Tuliwaingiza kizimbani na wale wa kwanza, wote wanaogelea, yule kijana akanipiga bega akasema unaona? Siku ya 3 asubuhi naamka wapo juu ya maji weupe, mistari nyekundu ubavuni, wengine hawana gamba hata moja kuanzia katikati hadi mkiani. Siku hiyo yote na iliyofuata kazi yangu ilikuwa kepu na ndoo kutoa maiti kabla hazijaoza kwenye kizimba, na mzee hakusema neno kwa mtu yeyote, alikuwa anahesabu ndoo tu. Nilifika ndoo ya 60 nikaacha kuhesabu mimi, yeye akaendelea.

Walionusurika waliiva siku 2 baadaye, ilipofika jioni mzee akamgeuza jike mmoja mkononi mayai yakamwagika hadi kwenye kiwiko chake. Tukakata mwani usiku, tukatundika alfajiri. Sikulala. Kama saa 3 asubuhi maji ndani ya kizimba yakaanza kubadilika, kwanza kama maji ya mchele, halafu tui zito kabisa, huoni samaki huoni mwani, unasikia tu maboya yanatikisika. Dada Bint Paje nilikukumbuka. Tulivyoinua kamba ya kwanza baada ya siku mbili hivi jani lilikuwa limekuwa nene, rangi ya dhahabu iliyopauka, ukiligonga na kucha linatoa sauti. Upande mmoja mayai mengi, upande mwingine kidogo, mzee akasema bado, tukalirudisha.

Mama Nanaimo, wavu tuliushusha upande mmoja, wakatoka taratibu, hakuna aliyewafukuza. Wavu wenyewe ulikuwa umejaa mayai, tukauacha hapo hapo majini mpaka yaanguliwe. Odijo, nilimuuliza mzee kuhusu ugonjwa, akasema ndo maana hapendi kukaa nao zaidi ya wiki.

Mgao: tulipata kidogo kuliko nilivyoahidiwa, kwa sababu ya mkokoto wa pili na kwa sababu mnunuzi alishusha daraja baadhi ya majani. Nikigawa kwa saa ni chini ya bohari. Mzee kaniambia mwaka kesho nirudi, ila nitakaa kwenye boti yake, na redio nishike mimi.

Kanipa jani moja la zawadi. Limekaa friza. Nimelionja na sosi ya soya, yanapasuka mdomoni ka-ka-ka kama unatafuna mchanga mtamu wa chumvi, si mabaya. Nilimwonyesha mama Iringa kwenye simu, akaangalia sana akauliza hicho kitambaa kimeshonwa shanga na nani.

Kambale_Mzee

Marahaba dogo, nilichelewa kukuitikia. Siku ile ulipoita mara ya pili ungeita ya tatu. Hongera lakini.

BabaTatu907

Dah, ndoo 60. Pole sana mdogo wangu. Mimi msimu wa kwanza sikuambiwa hata nihesabu.

Chuma_cha_Pua

Picha hamna?

Mhehe_wa_Baridi

Simu ilidumbukia siku ya pili mkuu 😭